Msuli Haujui Kusukuma

Kwenye jimu za mtaani, kwa wachuaji na kwenye benchi la timu ya mpira, watu husema mengi kuhusu misuli, na mengi wameyapokea bila kuyapima. Baadhi ni kweli tupu. Mengine humfanya mtu achuliwe mahali pasipo na tatizo, aache mazoezi yaliyokuwa yakimfaa, au akae nyumbani na kidole kisichokunjika akidhani kitapona chenyewe. Nimechukua yale yanayosikika zaidi nikayajibu moja moja.

Misuli ninayoizungumzia ni ile iliyoshikana na mifupa, tunayoiendesha kwa hiari yetu. Moyo ni msuli wa aina yake peke yake, na kuta za tumbo na utumbo zina misuli ya aina ya tatu ambayo haingoji amri ya mtu. Hii ya mifupa inazidi 600, na kwa mwanamume mzima hufikia karibu asilimia 40 ya uzito wa mwili. Kwa mwanamke ni pungufu kidogo. Buchani ndiyo mnofu, ile wanayokukatia ukisema unataka steki.

"Kuna misuli ya kuvuta na misuli ya kusukuma"

Uongo. Naanza na huu kwa sababu ukishang'oka, mambo mengi ya mwili yanaeleweka kwa urahisi.

Msuli una kazi moja tu, kuvuta. Ncha zake zimeshika kwenye mifupa miwili, katikati ya mifupa hiyo pana kiungo, na msuli unapojikaza ncha hizo huvutwa zikaribiane. Ndoo ya kisimani utaivuta kwa kamba, lakini hutaisukuma kwa kamba hiyohiyo; msuli nao ndivyo ulivyo.

Je, pushapu? Pale mwili unanyanyuka na mikono inasukuma sakafu. Mikono inasukuma kweli, ila misuli inayoiwezesha inavuta. Msuli wa nyuma ya mkono, yaani traisepsi, unapita nyuma ya kiwiko na kushika kwenye ile ncha ngumu unayoegemea mezani. Ukijikaza, unaivuta ncha hiyo, na kigasha kinanyooka. Wakati huohuo msuli mpana wa kifua unauvuta mkono wa juu uje mbele. Anayesukuma sakafu ni mfupa.

Unaweza kujipima hapo ulipo. Weka kiganja chini ya meza kana kwamba unataka kuinyanyua, kisha kwa mkono wa pili papasa mkono wa juu. Mbele pamekaza, nyuma pamelegea. Sasa weka kiganja juu ya meza ugandamize kwenda chini. Nyuma ndiko kulikokaza. Baisepsi ya mbele hukunja kiwiko, traisepsi ya nyuma hukikunjua, na kwa kuwa hakuna msuli unaoweza kurudisha kile ulichokivuta, viungo vyetu vimewekewa misuli ya pande zinazopingana. Mmoja ukivuta, mwenzake hulegea ili kumpisha. Mtu anayejenga kifua mwaka mzima bila kugusa mgongo anaimarisha upande mmoja wa mvutano huo, na mabega yake yanaweza kuanza kuja mbele.

Kwa baisepsi kuna jambo ambalo wabeba vyuma wengi hawalijui: kukunja kiwiko si kazi yake peke yake. Chini yake umelala msuli mwingine mpana, usioonekana kwa urahisi, na huo ndio mfanyakazi mkuu wa kukunja. Baisepsi ina kazi ya ziada ya kugeuza kiganja kitazame juu. Fundi anayekaza skrubu ngumu kwa mkono wa kulia anaitumia kila anapozungusha bisibisi. Kunja kiwiko, shika msuli huo, kisha geuza kiganja juu na chini. Utausikia ukivimba na kulegea ingawa kiwiko hakijasogea.

Ncha mbili za msuli zina majina yake. Ile iliyoshika kwenye mfupa uliotulia huitwa asili, na ile iliyoshika kwenye mfupa unaosogea huitwa kikomo. Majina yanafaa, mradi yasigeuzwe sheria. Mtazame mkwezi wa minazi. Akiwa chini anainua dafu kinywani, bega limetulia na kigasha ndicho kinachosogea. Akiwa mtini amelishika shina, kigasha kimetulia na kiwiliwili ndicho kinachovutwa kukifuata. Msuli ni uleule na mvuto ni uleule.

Msomaji makini atauliza: ikiwa misuli haisukumi, ulimi unatokaje nje? Msuli mkuu wa ulimi umeshika kwa ndani, nyuma ya kidevu. Ukijikaza, unalivuta shina la ulimi lije mbele, na ncha inatokeza. Misuli mingine iliyo ndani ya ulimi wenyewe inaubana ubavu kwa ubavu, na kwa kuwa ujazo wa nyama haupungui, ulimi uliobanwa hivyo hurefuka. Hata hapo hakuna kilichosukuma.

"Msuli ukifanya kazi lazima ufupike"

Uongo, na huu umewatia wengi maumivu ambayo yangeepukika.

Beba ndoo ya maji huku kiwiko kimekunjwa nusu, uishikilie hapohapo. Mkono haujasogea, baisepsi haijafupika hata kidogo, lakini inafanya kazi mpaka itetemeke. Sasa ishushe ndoo polepole. Kiwiko kinakunjuka, baisepsi inarefuka, na bado imekaza, kwani ingelegea ndoo ingeanguka kwa kishindo. Kwa hiyo msuli hufanya kazi kwa namna tatu: ukifupika, ukitulia urefu uleule, na ukirefuka chini ya mzigo. Namna ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo kali kuliko zote.

Anayetaka kuiona ikifanya kazi aende Kilimanjaro. Wageni hujiandaa kwa kupanda. Hujizoesha pumzi, hupanda ngazi, huogopa hewa nyepesi ya juu, na kuna sababu ya kuiogopa. Lakini kinachowavunja miguu ni kushuka. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na lango la Mweka, wanakotokea wengi, liko karibu na mita 1,640. Kimo hicho chote, zaidi ya mita 4,000, hushukwa kwa takriban siku moja na nusu. Katika kila hatua goti linapokea uzito wa mwili na kuanza kukunjika, na misuli minne ya mbele ya paja inakaza ili lisikunjike mpaka mwisho. Inakaza huku inavutwa irefuke, hatua baada ya hatua, kwa maelfu.

Ubaya wake ni kwamba wakati wa kushuka mtu hahisi anachoka. Pumzi iko sawa, moyo haupigi kwa kasi, kwa sababu msuli unaorefuka hutumia nishati kidogo. Lakini pia unatumia nyuzi chache zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo kila uzi unabeba sehemu kubwa zaidi, na baadhi yake huchubuka kwa kiwango kisichoonekana kwa macho. Siku mbili baadaye, akiwa hotelini Moshi, mtu aliyefika kilele cha Afrika anashuka ngazi kinyumenyume akishikilia ukuta.

Mpagazi aliyebeba mzigo wa hadi kilo 20 njia nzima haumii hivyo, wala si kwamba amezaliwa na mapaja tofauti. Misuli iliyowahi kupitia kazi hiyo hujikinga: hata safari moja ya kushuka huweza kupunguza maumivu ya safari inayofuata kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo anayejiandaa kupanda mlima ajizoeze pia kushuka, kwenye ngazi au kilima chochote, akianza na kidogo, wiki chache kabla ya safari.

"Maumivu ya siku ya pili ni asidi ya laktiki"

Uongo. Huu una heshima kuliko uongo mwingine, kwa kuwa ulichipuka pembeni ya sayansi ya kweli. Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922 kwa kazi yao juu ya joto, oksijeni na asidi ya laktiki kwenye misuli. Tangu hapo asidi hiyo ikabebeshwa lawama ya kila uchovu na kila maumivu.

Tazama muda tu. Laktiki inayotokana na mazoezi makali huwa imekwisha kuondoka ndani ya saa moja au mbili hivi. Maumivu ya mapaja yanaanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mtuhumiwa alishaondoka zamani. Mwaka 1983 watafiti waliwakimbiza watu kwenye mashine, kundi moja likikimbia tambarare na jingine mteremkoni. Waliokimbia tambarare laktiki yao ilipanda, na hawakuumwa. Waliokimbia mteremkoni haikupanda, na wao ndio walioumwa. Chanzo ni ile michubuko midogo ya nyuzi zilizokaza huku zikirefushwa, pamoja na uvimbe unaofuata mwili unapozitengeneza.

Wala laktiki si taka. Moyo huichoma kama chakula. Ini huichukua na kuigeuza kuwa sukari, kisha huirudisha kwenye damu itumike tena, mzunguko ulioelezwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Nobel mwaka 1947.

Kuchuliwa kunaweza kukupunguzia maumivu hayo, na mchuaji mwenye mikono mizuri ana thamani yake. Lakini haondoi asidi yoyote. Jambo moja lisipuuzwe: ikiwa baada ya mazoezi makali kupita kiasi misuli imevimba sana na mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea, usiende kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu nyuzi zimeharibika kwa wingi na mabaki yake yanaweza kuziba figo.

"Vidole vya mkono havina misuli"

Kweli. Wengi hawaamini wakiambiwa.

Chukua mguu wa kuku, ile miguu inayouzwa mafungu sokoni, iliyokatwa juu kidogo ya nyayo. Kwenye mkato utaona nyuzi nyeupe, ngumu, zinazoteleza. Shika ule wa nyuma kwa ncha za vidole uuvute. Vidole vya kuku vinajikunja, kucha zinafumba. Vuta wa upande wa mbele, vinakunjuka. Kuku amekwisha kufa, misuli yake imebaki juu ya mkato, lakini mguu unafanya kazi, kwa sababu vidole vyake huendeshwa kutoka mbali.

Vyako pia. Misuli mikubwa inayokunja na kukunjua vidole iko kigashani, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kinachofika kidoleni ni kano, yaani ule uzi mweupe unaounganisha msuli na mfupa. Chezesha vidole kana kwamba unapiga kinanda: kigasha kinafurukuta, na mgongoni mwa kiganja kano zinapanda na kushuka chini ya ngozi. Kiganja kina misuli yake midogo, na ule mnofu wa chini ya kidole gumba ni misuli, lakini ukishavuka kiganja kuingia kidoleni hakuna tena msuli wa kukunja wala kukunjua.

Kano hizo za mgongoni mwa kiganja zimefungamanishwa. Weka mkono mezani, kiganja kikitazama chini, kisha kikunje kidole cha kati ukiingize chini ya kiganja. Sasa jaribu kunyanyua vidole vingine kimoja kimoja. Gumba kitanyanyuka, cha shahada kitanyanyuka, hata kidogo. Cha pete kitagoma, kwa sababu kano yake imefungwa pamoja na ya jirani uliyemkunja.

Nimekaa sana hapa kwa sababu watu hupoteza vidole kwa kutolijua hili. Panga limemteleza mtu akikata nazi, au kisu akimenya muhogo, na jeraha la kiganjani au kifundoni ni dogo, halitoki damu nyingi. Anafunga kitambaa. Lakini kano inaweza kuwa imekatika chini ya mkato mdogo namna hiyo, na ikikatika, msuli ulioko kigashani huivuta ncha yake irudi juu. Kila siku inayopita kuirudisha kunakuwa kugumu zaidi. Kwa hiyo baada ya jeraha lolote la kiganja au kifundo, mwambie aliyejikata akunje na kukunjua kila kidole peke yake, na kila pingili ya kidole. Ikiwa hata moja haisogei, safari ya hospitali isisubiri wiki ijayo.

"Kano, mshipa, msuli, vyote ni kitu kimoja"

Uongo, ingawa mazungumzo yetu yanachangia, maana mtu akisema ameumia "mshipa" anaweza kuwa anazungumzia damu, fahamu, kano au hata ngiri.

Supu ya makongoro inaonyesha tofauti vizuri. Kwenye kwato za ng'ombe hakuna karibu mnofu wowote. Kuna mifupa, kano, ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, na gegedu linalofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Ndiyo maana huchemka saa nyingi: kano na ligamenti zimejengwa kwa kolajeni, protini ngumu isiyokubali haraka, ambayo ikishalainika huifanya supu igande ikipoa. Mnofu wa steki hauna subira hiyo, unaiva mapema.

Tofauti hiyo ipo pia kwenye kupona. Mnofu umejaa damu, na msuli uliochanika kidogo hupona kwa wiki chache. Kano na ligamenti zina damu kidogo, hupona polepole, kwa miezi. Mchezaji aliyechanika msuli wa paja na aliyeteguka kifundo cha mguu wote wanatoka uwanjani wakichechemea, lakini wa kwanza ameumia nyama na wa pili ameumia ligamenti. Ukifika kwa daktari au kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mweleze uliumia ukifanya nini, kiungo kilipinda upande gani, na kipi kinauma zaidi kati ya kukunja na kukunjua. Hayo yatamsaidia kuliko neno "mshipa".

"Maji mekundu ya nyama ni damu"

Uongo. Mnyama akishachinjwa vizuri, damu inayobaki kwenye mnofu ni kidogo sana. Wekundu unaobaki ni wa mioglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli wenyewe. John Kendrew alifichua umbo lake kwa kutumia nyama ya nyangumi, mnyama mpiga mbizi ambaye misuli yake imejaa mioglobini, na alishiriki Nobel ya kemia ya mwaka 1962.

Protini hiyo ndiyo inayotofautisha paja la kuku na kidari. Kuku hutembea kutwa, hivyo paja limejaa nyuzi za polepole, zinazotumia oksijeni na hazichoki haraka, nazo ni nyekundu. Kidari ni cha kupiga mabawa kwa sekunde chache akikimbizwa, kwa hiyo kimejaa nyuzi za kasi, zenye nguvu nyingi na pumzi fupi, nyeupe. Njiwa na bata wanaoruka safari ndefu wana kidari cheusi.

Kwa binadamu aina hizo zimechanganyika ndani ya kila msuli. Mbio za mita 100 alizokimbia Ferdinand Omanyala jijini Nairobi mwaka 2021 kwa sekunde 9.77 zinadai nyuzi za kasi. Marathoni ya Berlin aliyoimaliza Eliud Kipchoge mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9 inadai zile za polepole. Mazoezi hukuza nyuzi ulizo nazo na kubadili kiasi fulani namna zinavyofanya kazi, lakini hayakugeuzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Maiti hukakamaa kwa sababu misuli imeishiwa nishati"

Kweli. Na ni ajabu, kwa kuwa wengi wetu tungetarajia kinyume chake: kisichokuwa na nguvu kilegee.

Ndani ya kila uzi wa msuli kuna nyuzi ndogo zaidi za protini mbili, aktini na miosini, zilizopangwa zikipishana. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti yalichapisha katika toleo moja la jarida la Nature wazo lilelile: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili. Msuli ukifupika, walisema, nyuzi hizo zenyewe hazifupiki. Zinateleza moja juu ya nyingine. Vichwa vidogo vya miosini hushika aktini, huvuta, huachia, hushika tena mbele.

Kuachia ndiko kunakohitaji ATP, ile kemikali inayobeba nishati ya chembe hai. Pumzi ikikatika, ATP haitengenezwi tena. Ile iliyobaki ikiisha, vichwa vilivyoshika haviwezi kuachia. Mwili hulegea kwanza, kisha baada ya saa chache ugumu huanza kwenye kope, taya na shingo, huenea, hukamilika kwa takriban saa 12, na kuisha baada ya siku moja au mbili protini zinapoanza kuvunjika. Kwenye joto la Pwani mambo haya huenda haraka zaidi. Waislamu hufundishwa kwamba mtu akikata roho afumbwe macho, taya lifungwe kwa kitambaa na viungo vilainishwe mapema, kabla ya kuoshwa. Wanaofanya kazi hiyo wanajua kwa mikono yao kwamba muda wenyewe ni mfupi.

Mengine ya haraka

Ulimi ni msuli wenye nguvu kuliko wote? Uongo; kwanza ni mkusanyiko wa misuli minane, na hakuna kipimo unachoshinda. Mkubwa kuliko wote ni msuli wa makalio, ule unaotuinua na kutupandisha ngazi. Mrefu kuliko wote unapita mshazari mbele ya paja, kutoka nyonga hadi upande wa ndani wa goti. Mdogo kuliko wote uko ndani ya sikio, una milimita chache tu, na hutuliza mfupa mdogo kupita yote mwilini ili sauti kubwa zisituumize.

Mafuta hugeuka misuli, au misuli ikiachwa hugeuka mafuta? Uongo. Ni chembe za aina mbili tofauti. Moja hupungua na nyingine huongezeka, basi.

Mwanamke akibeba vyuma atapata mwili wa kiume? Uongo. Atapata nguvu, na mifupa yake itafaidika, lakini testosteroni yake ni ndogo mno kumpa kifua cha mnyanyua vyuma.

Kualisha vidole huleta baridi yabisi? Hakuna ushahidi wake. Mlio hutokana na gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo. Daktari wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, na mikono yake yote miwili ilibaki sawa.

"Ukizeeka, misuli haijengeki tena"

Uongo, na laiti huu ungetoka kwenye kila nyumba yenye mzee. Ni kweli kwamba kuanzia miaka ya 30 hivi misuli huanza kupungua, na kasi huongezeka baada ya 60. Si kweli kwamba mlango umefungwa.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 10 wa makao ya wazee huko Boston, waliokuwa na umri wa takriban miaka 90 na hali dhaifu. Waliwafanyisha mazoezi mazito ya mapaja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na msuli wa paja ulinenepa kwa asilimia 9. Walikuwa na miaka 90, na msuli ulijibu.

Kwetu bibi akifika umri fulani tunamletea kila kitu pale alipokaa. Tunafanya hivyo kwa upendo, na huku mapaja yake yanakwisha, mpaka siku anashindwa kusimama mwenyewe kutoka kitini. Kama daktari wake hajamkataza, chukua kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Akae, miguu ikiwa sakafuni, mikono kifuani ikiwezekana, ama ishike meza iliyo mbele yake kama bado hana nguvu. Asimame, apumue, kisha akae. Mara tano zinatosha kwa kuanzia, asubuhi na jioni, ziongezwe kidogo kidogo wiki hadi wiki. Umsimamie karibu, na umhimize zaidi wakati wa kukaa: asijiangushe, ahesabu polepole mpaka tatu akishuka, kwa sababu hapo ndipo mapaja yake yanakaza huku yakirefuka, na hapo ndipo yanapojengeka sana.